Mzazi yupi wa pori kwa mpunga wa Kyela na Usangu? Wazazi wanne wakilinganishwa

Mkulima wa Kyela anapouza mchele, kinachompa bei ni harufu. Kilombero, Zambia na Supa, mbegu ambazo familia zimezitunza na kuazimana miaka mingi, zinapendwa mezani kuliko karibu mchele mwingine wowote nchini. Lakini shambani zina udhaifu wake. Ni ndefu, huanguka zikipewa mbolea nyingi, na kimyanga, ugonjwa wa virusi, kikiingia jaruba zima hugeuka njano. Huko Usangu wengi wamehamia SARO 5, yaani TXD 306, inayozaa zaidi na kunukia kiasi. Hiyo nayo kimyanga hakiiogopi.

Kila anayefikiria kuboresha mbegu hizi hufika kwenye swali hilo hilo: kinga itoke wapi? Watu walipoufuga mpunga kwa maelfu ya miaka walichagua punje zisizopukutika, mimea inayokomaa pamoja, wali mtamu. Vingi walivyoviacha bado vipo porini, ndani ya mipunga mwitu, baadhi yake kwenye madimbwi na mabonde yetu wenyewe. Ninaandika kwa mwanafunzi wa kilimo anayetafuta mada, mtafiti kijana mwenye bajeti ndogo, kikundi cha wazalishaji mbegu na afisa kilimo wa halmashauri. Ninalinganisha wazazi wanne: wawili wa Kiafrika walio karibu kiukoo na mpunga wetu, mmoja wa Kiafrika aliye mbali, na jozi ya Asia ambayo sifa zake zimeenea duniani kote.

Vigezo

Kwanza, tatizo linalotibika. Hiki nakiweka mbele ya vyote, kwa sababu nimeona mapendekezo ya utafiti yakianza na spishi maarufu kisha kutafuta ugonjwa wa kuipa. Anza na jaruba.

Pili, urahisi wa kuchanganya. Mpunga wa kupandwa una kromosomu 24 za kundi ambalo wanasayansi hulitambua kwa herufi AA. Mipunga mwitu ya kundi hilo huzaa nao, kwa shida kubwa au ndogo. Ya makundi mengine kromosomu zake hazishikamani vizuri na za mpunga wetu, na mtoto akipatikana huwa tasa.

Tatu, mizigo. Kila mzazi wa pori huleta kupukutika, ndevu ndefu za punje na mara nyingi punje nyekundu. Uzao wa kwanza hubeba nusu ya kila mzazi. Ukiurudisha kwa mpunga wa Kyela, yaani kuuchanganya nao tena, mara moja, sehemu ya Kyela hufika asilimia 75. Mara ya pili 87.5; mara ya tatu karibu 94. Harufu ina hesabu yake peke yake. Katika mipunga mingi inayonukia duniani, harufu hutokana na jeni ya BADH2 kwenye kromosomu ya 8 ambayo imeacha kufanya kazi, na mmea haunukii mpaka urithi nakala ya namna hiyo kutoka kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo uzao wa kwanza na mzazi wa pori hautanukia. Harufu itabidi isakwe upya, kizazi kwa kizazi, kwa kupima vinasaba au kwa kunusa.

Nne, utofauti uliomo ndani ya spishi yenyewe. Kigezo hiki husahaulika, nami nitakaa juu yake kidogo. Miaka ya 1970 mashamba ya Asia yalipigwa na virusi vinavyodumaza mpunga. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, huko Ufilipino, ilipima sampuli zaidi ya 6,000. Kinga iliyofaa ilipatikana katika sampuli moja ya Oryza nivara, mpunga mwitu wa Asia, kutoka Uttar Pradesh, India, na hata ndani ya sampuli hiyo si kila mmea ulikuwa nayo. Kutokana na mimea hiyo michache zikazaliwa mbegu kama IR36 zilizopandwa kwenye mamilioni ya hekta. Hebu fikiria kama bonde lile lingekuwa limelimwa lote miaka mitano kabla. Vitabu vingesema spishi bado ipo, kinga isingekuwepo. Ndiyo maana anayesema "mpunga mwitu upo, tutaukuta tu" hajajibu swali la upo wapi, na mimea ipi.

Tano, upatikanaji: je, mbegu iko hapa, iko benki, na inahitaji kibali gani?

Oryza longistaminata

Huu ndio mpunga mwitu ambao wakulima wa umwagiliaji Mbarali wanaulaani. Hurefuka kumpita mtu, huishi miaka mingi na hutambaa chini ya udongo kwa mashina. Jembe likiyakata vipande, kila kipande chenye kifundo huweza kuota. Hata hivyo, kwa mfugaji mbegu huu ndio mpunga wa pori wenye historia nzuri kuliko yote ya Afrika.

Tatizo linalotibika. Mmea mmoja wa spishi hii kutoka Mali ulikutwa na kinga pana dhidi ya bakteria wanaonyausha majani ya mpunga kuanzia nchani. Wafugaji waliihamishia kinga hiyo kwenye mpunga wa kupandwa, na mwaka 1995 kundi la Pamela Ronald huko California lilitangaza kuwa limeitenga jeni yenyewe, Xa21. Kwetu mfano wenye maana zaidi ni wa India: mwaka 2007 ilitolewa Pusa Basmati 1 iliyoboreshwa, yenye Xa21 pamoja na jeni nyingine, xa13. Basmati ile iliendelea kunukia na ikapata kinga. Yeyote anayeambiwa kwamba mpunga wa Kyela hauwezi kuguswa bila kupoteza harufu ajibu kwa mfano huo. Lakini asiahidi kinga kabla ya kupima. Bakteria wa Afrika si sawa na wa Asia, na mwaka 2019 mashamba ya Morogoro yalikutwa na bakteria wenye asili ya Asia, ugonjwa ukawa mkali kuliko uliozoeleka. Jeni inayozuia kundi moja inaweza kushindwa na jingine.

Kuna pia jambo la mpunga wa kudumu. Chuo Kikuu cha Yunnan, China, chini ya Fengyi Hu, kilichanganya mpunga wa Thailand na longistaminata, na mwaka 2018 mbegu ya PR23 ikaruhusiwa kwa wakulima. Inapandwa mara moja na kuvunwa hadi mara nane ndani ya miaka minne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha wastani wa tani 6.8 kwa hekta kila msimu, sawasawa na mpunga wa kupandwa upya, huku kazi ikipungua zaidi ya nusu katika misimu isiyo ya kupanda. Kwa mama anayepandikiza akiwa ameinama kutwa nzima, hiyo ni habari kubwa. Nina wasiwasi wa aina mbili kuhusu Usangu. Mpunga wa kudumu unataka unyevu wakati wa kiangazi, na Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi tangu miaka ya 1990. Pili, shamba lisilokauka wala kulimwa upya litavihifadhi virusi vya kimyanga kutoka msimu hadi msimu.

Kuchanganya. Ni kugumu. Ingawa uko kundi la AA, kiinitete cha uzao wa kwanza mara nyingi hufa kabla punje haijakomaa, hivyo huchomolewa kikiwa kichanga na kulelewa maabara. Bila maabara ya namna hiyo, usianze.

Mizigo. Ni mizito, lakini mmoja hutoka kwa urahisi usiotarajiwa. Mashina ya kutambaa yanahitaji jeni mbili zifanye kazi pamoja, Rhz2 na Rhz3. Mmea ukikosa moja, hautambai. Anayetaka kinga tu anaweza kuuacha ugugu nyuma mapema.

Utofauti. Spishi hii hupokea chavua ya jirani na mara nyingi huikataa ya kwake, kwa hiyo kila mmea uliotokana na punje ni tofauti na mwenzake. Ila kwa kuwa hutambaa, kichaka kizima kilichojaa jaruba kinaweza kuwa mmea mmoja tu. Anayekusanya masuke hamsini mahali pamoja anaweza kurudi na mama mmoja. Chukua suke, tembea hatua nyingi, ndipo uchukue jingine.

Upatikanaji. Upo Usangu, kwenye mabonde yanayofurika na kandokando ya mifereji. Sehemu kubwa ya Ihefu, ardhioevu ya Usangu, iliingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, kwa hiyo humo ndani ni lazima vibali.

Unamfaa nani? Timu yenye maabara, miaka mingi na mfadhili mvumilivu. Haumfai mtu aliye peke yake.

Oryza barthii na mwanawe wa nyumbani

Barthii ni mpunga mwitu wa mwaka mmoja wa madimbwi yanayokauka. Ndiye mzazi wa mpunga wa Kiafrika, Oryza glaberrima, uliofugwa Afrika Magharibi yapata miaka 3,000 iliyopita. Ninawaweka pamoja kwa sababu anayemtafuta barthii mara nyingi hukuta kazi imekwisha kuanzwa na wakulima wa zamani wa bonde la Niger.

Tatizo linalotibika. Hapa ndipo kimyanga kinapopata mpinzani. Virusi hivi vilitambuliwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966, na utofauti wake mkubwa kuliko kote Afrika uko mashariki mwa Tanzania, maana yake adui wetu ana sura nyingi. Kinga kali zinazojulikana ni chache. Nyingine zimo kwenye glaberrima, kwa mfano mmea unaoitwa TOG5681, na nyingine imo kwenye mpunga wa Gigante wa Msumbiji, ambao ni mpunga wa kawaida wa kupandwa. Kama shida yako ni kimyanga pekee, jirani yetu wa kusini ana mbegu inayochanganyika na Kilombero bila maabara yoyote. Nisingemshauri mtu kuruka hatua hiyo. Virusi hata hivyo vimeonyesha uwezo wa kuzivunja baadhi ya kinga hizi, na kwa hiyo jeni mbili kwa pamoja ni salama kuliko moja.

La pili ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mpunga. Wanaolima mpunga wa mvua kwenye ardhi ya juu Kyela wanakijua: ua dogo zuri juu, mizizi iliyokwisha kunyonywa chini. Baadhi ya mbegu za NERICA, zilizotokana na kazi ya Monty Jones wa Sierra Leone ya kuchanganya glaberrima na mpunga wa Asia, zinastahimili kiduha vizuri. NERICA 1 na NERICA 10 zimo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Jones Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004.

Kuchanganya. Punje hupatikana bila taabu kubwa, lakini uzao wa kwanza hutoa chavua tasa. Ukiurudisha kwa mpunga wa kupandwa mara mbili tatu, uzazi hurudi. Kituo chenye banda la kitalu na mtu mwenye mkono mwepesi kinaweza.

Mizigo. Barthii hupukutika na kujificha: ukiwa mchanga unafanana na mpunga kiasi kwamba palizi humpita. Kuuleta karibu na mashamba ya mbegu ni hatari. Glaberrima ina mizigo midogo zaidi, kubwa ikiwa kuanguka na punje kuvunjika mashineni.

Utofauti. Kinyume kabisa cha longistaminata. Barthii hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mimea ya dimbwi moja hufanana sana na tofauti huwa kati ya dimbwi na dimbwi. Kusanya sehemu nyingi, punje chache kila mahali.

Upatikanaji. Glaberrima ipo kwa maelfu ya sampuli katika benki ya mbegu ya AfricaRice, Côte d'Ivoire.

Unamfaa nani? Kwa maoni yangu, huu ndio uliokaribu zaidi na mahitaji ya sasa ya Kyela, hasa ukianzia kwa mwana badala ya mzazi.

Oryza punctata

Nitakuwa mfupi. Spishi hii ipo Tanzania, hupenda kingo za madimbwi na vivuli, na baadhi ya mimea yake ina kinga dhidi ya wadudu warukaji wanaonyonya mpunga na dhidi ya mnyauko wa bakteria. Tatizo ni ukoo. Una kundi la BB, na mingine ina kromosomu 48 badala ya 24. Kuchanganya kunahitaji kuokoa kiinitete, kisha kusubiri kipande kidogo cha kromosomu kihame kwa bahati baada ya vizazi kadhaa. Mizigo haibebeki kirahisi kwa sababu kipande kikishahama hakikatiki vizuri. Utofauti wake haujachunguzwa kama wa wenzake, na hilo kwa mwanafunzi ni mlango ulio wazi. Mimea ipo porini, sampuli zipo benki. Unamfaa mtafiti wa msingi. Mkulima anayesubiri mbegu asiahidiwe chochote kutoka hapa.

Oryza rufipogon na Oryza nivara

Hawa ndio wazazi wa mpunga wa Asia wenyewe, kwa hiyo ndugu wa damu wa Supa na Kilombero.

Tatizo linalotibika. Nivara nimeieleza: ilikomesha virusi vya udumavu. Virusi hivyo ni vya Asia, na Kyela havipo. Mchango mkubwa kuliko yote katika historia hausaidii chochote kwenye jaruba letu, na huo ndio mfano bora wa kwa nini umaarufu usichague mzazi. Rufipogon ni habari nyingine. Mwaka 1970 kwenye kisiwa cha Hainan, wasaidizi wa Yuan Longping, mtafiti wa mpunga wa China, walikuta mmea mmoja wenye chavua tasa, na juu yake ukajengwa mpunga chotara wa China. Kisha mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliotumia rufipogon kutoka Malaysia: vipande viwili vya kromosomu, kila kimoja kikihusishwa na ongezeko la mavuno la takriban asilimia 17 hadi 18 juu ya chotara ambaye tayari alikuwa akizaa sana. Mmea wa pori wenyewe huzaa kidogo mno. Mkulima yeyote mwenye akili angeung'oa. Kilichokuwa na thamani kilifichwa na mabaya yanayoonekana, kikajitokeza tu kilipowekwa ndani ya mpunga mwingine. Tangu nilipousoma utafiti huo sijawahi kuuhukumu mpunga mwitu kwa suke lake.

Kuchanganya. Ni rahisi kuliko kote katika orodha hii.

Mizigo. Kupukutika na ndevu, kama kawaida, lakini vizazi viwili vitatu vya kurudisha huondoa sehemu kubwa.

Utofauti. Mkubwa, umekusanywa na kuelezwa vizuri, na kumbukumbu zake zinasomeka bila kutoka ofisini.

Upatikanaji. Benki ya IRRI ina sampuli zaidi ya 130,000 za mpunga, nyingi za kupandwa na elfu kadhaa za pori. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, na mpunga umo kwenye orodha ya mazao yanayobadilishana mbegu kwa hati moja ya kawaida.

Unamfaa nani? Programu inayotafuta mavuno, au inayotaka kujifunza mbinu kabla ya kuingia kwenye spishi ngumu za nyumbani. Kwa kimyanga na kiduha, utafute kwingine.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama unashughulika na kimyanga Kyela au Usangu, anza na Gigante na glaberrima, lenga kuweka jeni mbili kwenye mbegu moja inayonukia, na pima kwa virusi vya hapa hapa. Barthii iwe akiba ya baadaye.

Kama ni mnyauko wa bakteria, usiende kuchimba longistaminata upya. Omba mbegu ambazo tayari zina Xa21, zipande pamoja na SARO 5, zipime kwa bakteria wa mikoa yetu. Zikishindwa, hapo ndipo kuna sababu ya kutafuta kinga mpya katika longistaminata wa Usangu, ambao umeishi na bakteria wa Kiafrika muda mrefu kuliko sisi.

Kama ni kiduha kwenye mpunga wa mvua, kikundi cha wakulima kinaweza kuanza msimu ujao kwa kupanda NERICA kando ya Kilombero kwenye kipande kilichoathirika, bila kungoja mtafiti. Ladha itawakatisha tamaa wengine. Basi NERICA iwe mzazi, isiwe mbegu ya mwisho.

Kama wewe ni mwanafunzi wa Uyole au wa SUA mwenye mwaka mmoja au miwili, usijaribu kuchanganya chochote. Muda hautoshi kufikia mbegu iliyokamilika. Kazi yenye faida kwako ni kukusanya na kueleza: longistaminata unakua wapi Usangu, vichaka vingapi ni mimea tofauti, barthii iko madimbwi yapi. Andika mahali kwa vipimo vya setilaiti, urefu wa maji, aina ya udongo, na kama mifugo hulisha hapo. Peleka nakala ya mbegu kwenye benki ya taifa ya rasilimali za mimea Arusha.

Kama mnazalisha mbegu kwenye skimu, endeleeni kuung'oa mpunga mwitu majarubani bila huruma. Unapukutisha punje ndani ya mazao yenu na unahifadhi kimyanga. Kinachohitaji kulindwa ni ule wa bondeni, mbali na mifereji. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili mradi kila mmoja ajue mpaka uko wapi.

Kama uko halmashauri na mnapanga skimu mpya au kupanua ya zamani, wapigie TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, na watu wa benki ya mbegu kabla ya mashine kuingia bondeni. Waje mvua zikielekea kuisha, wakati masuke yanaanza kukomaa, na wayafunge vifuko vya chandarua mapema, maana mpunga mwitu hudondosha punje kabla suke zima halijaiva, na mtu akichelewa wiki moja hukuta mabua matupu.